Siku niliyompeleka Bibi kupiga kura

Waliowahi kuishi ughaibuni wanajua kwamba kazi yoyote ya kule huitwa kubeba boksi, hata kama boksi lenyewe hujawahi kuligusa. Boksi langu mimi lilikuwa bibi mmoja Mmarekani Mweusi, mjane wa miaka 84, magoti mabovu na ulimi mzima. Nilimwogesha, nilimpikia, nilimpa dawa kwa saa zake, na siku tano za wiki nililala kwenye kochi la sebuleni kwake, mjini Durham, jimbo la North Carolina. Hiyo ilikuwa 2008, mwaka wa Obama.

Nilimfundisha shikamoo. Sijui kwa nini ilimpendeza vile. Kila asubuhi alikuwa ananisubiri niitamke ndipo ajibu "marahaba" yake, akiivuta kwa lafudhi ya Kusini mwa Marekani kama mtu anayenyoosha mpira. Mimi nilimwita Bibi, yeye aliniita mwanangu.

Siku mbili za mapumziko nilikuwa narudi kwenye apatimenti tuliyopanga Watanzania wanne, na huko uchaguzi ulikuwa umeshaisha tangu Januari. Mtu wetu! Hakuna aliyekuwa na uraia, kwa hiyo kura hatukuwa nayo hata moja, lakini kwa kelele tungeweza kujaza jimbo. Hesabu yetu ilikuwa ya kitoto: Weusi watampa wote, Wazungu watamnyima wengi, tuone nani atazidi. Basi nilidhani nyumbani kwa Bibi ningekuta sherehe.

Mei 6, siku ya kura za mchujo za kumpata mgombea wa chama cha Democrat, mwanawe wa kiume alikuja na gari kumchukua. Bibi alikuwa amekaa kitandani na gauni lake la kulalia, saa nne asubuhi. Akasema haendi.

"Mama, watu wamekufa ili wewe upige kura."

"Najua waliokufa. Nawajua kwa majina. Ndiyo maana simpeleki mtoto wa mwenzangu machinjioni."

Mwana akaondoka akibamiza mlango. Mimi nilibaki nimeshika sahani ya uji nikidhani nimesikia vibaya.

Bibi alikuwa na kipepeo cha kujipepea, cha karatasi ngumu, vile vinavyogawiwa makanisani kule Kusini, chenye picha ya Martin Luther King katikati na akina Kennedy wawili, John na Robert, huku na huku. Wote watatu walipigwa risasi. Kilikaa juu ya televisheni, kwa hiyo kila Obama alipotokea kwenye skrini, wale watatu walikuwa wamesimama juu ya kichwa chake. Bibi hakukipanga hivyo makusudi, lakini ukikaa miezi unakitazama, unaelewa. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto Medgar Evers, mtetezi wa haki za Weusi, alipopigwa risasi nje ya nyumba yake kule Mississippi, Juni 1963. Alikuwa jikoni, Aprili 1968, redio iliposema King ameuawa Memphis. Na wala hofu hiyo haikuwa ya vikongwe peke yao: serikali yenyewe ilimpa Obama walinzi wa Secret Service tangu Mei 2007, mapema kuliko mgombea yeyote kabla yake.

Hofu ya pili ilikuwa ya chini zaidi, na hiyo ilinichukua muda kuifahamu. Mwaka 1990 jimbo lile lilikuwa na mgombea useneta Mweusi, Harvey Gantt, aliyewahi kuwa meya wa Charlotte. Mpinzani wake alikuwa Seneta Jesse Helms. Baadhi ya kura za maoni zilimweka Gantt mbele. Siku za mwisho likatoka tangazo la Helms kwenye televisheni: mikono miwili ya Mzungu imeshika barua ya kunyimwa kazi, inaikunja, na sauti inasema kazi ile uliistahili wewe, ila ilibidi apewe mtu wa kundi la wachache kwa sababu ya rangi. Sura huoni. Ni mikono tu. Gantt akaanguka, na alipojaribu tena 1996 akaanguka tena.

"Kabla ya hapo kila mtu kazini alikuwa anatabasamu," Bibi aliniambia. "Mzungu huyu anasema nampa Gantt, yule anasema nampa Gantt. Nikawaamini, mwanangu. Nilikuwa na miaka 66, nikawaamini kama mtoto."

Helms alifariki Julai 4, 2008. Redio ilipotangaza, Bibi aliniambia niizime, akainamisha kichwa kwa muda mrefu. Sikujua anasali au anahesabu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la hesabu yetu ya apatimenti. Bibi hakuwa anampima Obama. Huyo, Bibi alishampima siku ya kwanza akamwona anafaa. Alikuwa anawapima majirani. Hata wenzake wa kanisani, ambao wengi walikuwa wa Hillary Clinton, mpinzani wa Obama chamani, mwaka mzima uliotangulia, waligeuka baada ya Januari 3, Obama aliposhinda Iowa, jimbo ambalo karibu wote ni Wazungu. Walikuwa hawamsubiri Obama ajieleze. Walikuwa wanasubiri Wazungu wajieleze.

Na Wazungu nao walikuwa wanachungulia wenzao. Jirani wa Bibi alikuwa mzee Mzungu, mstaafu wa kiwanda cha sigara, aliyekuwa akimletea nyanya za bustani yake. Jumamosi moja ya Oktoba aliniita kwenye uzio. Benki zilikuwa zinaanguka wiki hizo, hata moja kubwa ya Charlotte ilikuwa imeokolewa kwa kununuliwa, na akiba yake ya uzeeni, alisema, ilikuwa imeyeyuka kama barafu ya soda. Atampa Obama. Kisha akaangalia nyuma kuelekea mlango wa nyumba yake na kuongeza kwamba nisimwambie mke wake, wala shemeji zake wakija.

Wanasiasa wa Marekani wana msemo unaotokana na Tom Bradley, meya Mweusi wa Los Angeles, ambaye 1982 kura za maoni zilimpa ugavana wa California, kisha akashindwa: watu wanamwambia mpiga simu kwamba watamchagua Mweusi, wakifika kwenye kura wanakwenda kwingine. Mwaka ule wote magazeti yalijiuliza kama Obama atapatwa na hilo. Mimi kwenye uzio nilikuwa nimekutana na la kinyume chake, mtu anayemficha Obama kwa mkewe! Nikakimbilia ndani kumpa Bibi habari njema.

"Anasema," Bibi akajibu, bila kuinua macho kwenye mboga alizokuwa anachambua. "Mwaka wa Gantt pia alisema."

Kilichombadilisha hakikuwa mimi, wala mwanawe, wala jirani. Wiki ya nne ya Oktoba Obama alisimamisha kampeni akapanda ndege kwenda Hawaii kumwona bibi yake mzaa mama, Madelyn Dunham, aliyekuwa mgonjwa mahututi. Zilikuwa zimebaki kama siku kumi na mbili tu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, chakula kwenye mapaja.

"Huyo ndiye yule bibi Mzungu?" akaniuliza. "Yule aliyekuwa anaogopa wanaume Weusi barabarani?"

Alikuwa anaikumbuka hotuba ya Philadelphia ya mwezi Machi, Obama alipoeleza kwamba bibi yake aliyemlea aliwahi kukiri kuogopa wanaume Weusi wanaompita njiani, na kwamba hawezi kumkana kwa hilo.

"Huyo huyo, Bibi."

"Na bado amekwenda."

Hakusema zaidi. Akala chakula chote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Asubuhi nilipomwamkia, hakuitikia marahaba. Akasema, "Nitolee glavu zangu."

Glavu zilikuwa nyeupe, za kanisani, zimekunjwa ndani ya karatasi laini kwenye droo ya juu. Na kofia ya zambarau yenye wavu. Ilituchukua saa nzima na nusu kumvalisha. Mwanawe nilimpigia simu nikamwomba asije, kwa kuwa nilihisi akija mama yake atabadili mawazo ili mradi tu wasiafikiane. Akanielewa. Akanipa onyo moja: jimbo lile enzi hizo lilikuwa na utaratibu wa kuweka alama moja ukachagua chama kizima, kuanzia juu hadi chini, lakini alama hiyo haikumhusu rais. Rais anawekewa alama yake peke yake. Ilipangwa hivyo zamani, wengi kule huamini, ili Wazungu wa Kusini waendelee kuwachagua wenyeji wao wa chama cha Democrat bila kulazimika kumbeba mgombea urais wa chama hicho. "Mwambie asisahau," alisema.

Kituo cha kura ya mapema kilikuwa na foleni iliyozunguka jengo, lakini North Carolina mtu asiyeweza kutembea anapigia kura garini. Nikaegesha Corolla yangu penye kibao, na baada ya dakika chache akaja binti wa Kizungu, hata ishirini na tano sidhani alikuwa amefika, na ubao wa kuandikia mkononi. Akamsomea Bibi kiapo cha kwamba hawezi kuingia ndani. Bibi akavua glavu ya kulia, kidole kimoja kimoja, akatia sahihi. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini sahihi ilikuwa imenyooka kama ya mwalimu.

Binti akampa karatasi ya kura na kalamu. Kisha, kwa heshima zote, akauliza, "Utahitaji msaada wa kusoma, mama?"

Mimi nilikuwa naijua hadithi, kwa hiyo nilifumba macho. Miaka ya hamsini Bibi alikwenda kujiandikisha kwenye mji mdogo wa mashamba ya tumbaku, mashariki ya jimbo. Sheria ilitaka mtu asome na kuandika kifungu chochote cha katiba, na msimamizi ndiye mwamuzi. Alikisoma chote. Msimamizi akamwambia neno moja hakulitamka vizuri, arudi nyumbani. Alipata kujiandikisha baada ya sheria ya haki ya kupiga kura ya Agosti 1965, akiwa na miaka 41. Neno lile hakuwahi kuambiwa ni lipi.

"Binti yangu," Bibi akasema, "nimeshasoma mbele ya watu wabaya kuliko wewe."

Binti wa watu akawa mwekundu mpaka masikioni. Bibi akamshika kiganja kidogo, kumwonyesha kwamba hana ugomvi naye, kisha akatoa miwani yake ya kukuzia kwenye mkoba.

Niligeuza uso kwenye dirisha la upande wangu. Nilisikia karatasi ikigeuzwa, kalamu ikikwaruza. Kisha kimya. Nikakumbuka onyo la mwanawe, nikasema huku nikitazama nje, "Bibi, rais ana alama yake."

"Nimemwona," akajibu. "Niache."

Kimya kile sijui kilichukua dakika ngapi. Gari la nyuma yetu lilikuja likapiga kura likaondoka. Niliona kwenye kioo cha dirisha kivuli cha kofia, haitikisiki. Halafu kalamu ikakwaruza mara moja, fupi, na Bibi akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kutoka kichwani. Karatasi akaikunja mwenyewe akaitia kwenye bahasha ya binti. Stika waliyompa aliibandika ndani ya mkoba, si kifuani.

Njiani hakuzungumza, nami sikuuliza.

Novemba 3 ilitangazwa kwamba Madelyn Dunham amefariki, siku moja kabla. Bibi aliomba tuzime televisheni, ila safari hii niliona midomo ikitembea. Alikuwa anasali.

Usiku wa Jumanne, Novemba 4, nilikuwa zamu. Saa tano usiku vituo vya televisheni vikatangaza: Obama. Simu yangu ikaanza kuruka mezani, wale wa apatimenti wanapiga mayowe, shangazi yangu anapiga kutoka Tanga ambako kumeshakucha. Barabarani magari yalikuwa yanapiga honi. Jirani yetu Mzungu aliwasha taa ya varanda yake kisha akaizima. Mpaka leo sijui ilikuwa na maana gani, na huenda alikuwa anatafuta paka.

Bibi alikuwa amesogeza kiti karibu kabisa na skrini. Obama alipopanda jukwaani Grant Park, Chicago, na mke na mabinti wake, mimi nilikuwa nalia. Yeye alinyoosha kidole.

"Hicho ni kioo?"

Nilikuwa sijakiona. Kuume na kushoto kwa jukwaa kulikuwa na kuta ndefu za kioo kisichopenya risasi, safi mno kiasi kwamba taa za mji zilionekana ng'ambo yake.

"Ni kioo, Bibi. Cha kumlinda."

Akakishika kile kipepeo cha King akakilaza kifudifudi juu ya televisheni. "Mungu anisamehe," akasema. "Na mimi nimemsogeza pale."

Kesho yake magazeti yalijaa asilimia: 95 ya Weusi, 43 ya Wazungu, kwa nchi nzima. North Carolina ilikawia siku mbili zaidi kutangazwa, na tofauti ikawa kura kama 14,000 kati ya zaidi ya milioni 4. Kwenye asilimia 95 Bibi yumo. Wanaosoma namba hiyo humwona akicheza.

Mwaka uliofuata mama alinitumia kanga kutoka nyumbani, zile za "Hongera Barack Obama," zenye sura yake katikati na maandishi "Upendo na amani ametujalia Mungu." Nilimpelekea Bibi doti nzima. Akaitandaza mapajani, akaipapasa, akaniuliza maneno yanasemaje, nikamfasiria. Nikataka kumfunga kiunoni aone inavyovaliwa.

Akanizuia mkono. Akaikunja vizuri, mara mbili, mara nne, akanituma niiweke kwenye droo ya juu pamoja na glavu. Akasema ataivaa siku atakayomwona Obama anatoka pale Ikulu akitembea kwa miguu yake.