Liemba ya filamu na Liemba ya grisi

Ukiitaja Mv Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kijiweni Mwanga au Ujiji hapa Kigoma, hakosekani wa kudakia: "Si ile iliyolipuliwa kwenye filamu?" Filamu inayosemwa ni The African Queen ya 1951, iliyotoka kwenye riwaya ya 1935, na meli ya Kijerumani iliyomo humo chimbuko lake kweli ni hii yetu. Mlipuko ndio wa kutungwa.

Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Iliungwa huko kwa bolti, ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Kutoka Dar es Salaam yakaja kwa reli, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914 tu, na ribiti zikapigwa hapahapa. Februari 1915 ikashushwa majini. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kutengenezewa filamu.

Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza walileta boti mbili ndogo za kupigana na meli za Wajerumani ziwani, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, safari ndefu ya nchi kavu. Desemba 1915 wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani, Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen, yenye urefu wa mita 70 na ushei, hawakuikabili. Julai 1916, Wabelgiji wakiwa wanaikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nene. Mwenye mashine ya boti pale Kibirizi haelezwi mara mbili: chuma hula kutu maji na hewa vikikigusa pamoja, na grisi huvizuia. Ila lazima chuma kiwe kikavu na kisafi. Ukipaka juu ya unyevu umeufungia ndani, na kutu itakula huku juu panang'aa. Tanganyika nayo ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari inayoharakisha kutu. Halafu pale mtoni ni kina kifupi. Ziwa hili kwingine linashuka mpaka karibu mita 1,470, na huko hakuna ambaye angeifuata.

Wabelgiji waliiopoa, dhoruba ikaizamisha tena bandarini Kigoma. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, injini zake za mvuke zikiwa zilezile. Dizeli ilikuja miaka ya 1970.

Kwa nini basi habari ya mlipuko haifi? Inampendeza aliyeshinda vita, na sinema imefika kwa watu wengi kuliko daftari lolote la fundi. Wanasiasa wetu pia wanaijua njia hiyo: historia yenye shujaa mmoja inasimulika jukwaani kwa dakika mbili, ya mafundi na makasha haisimuliki.

Ukirushiwa picha ya zamani kwenye WhatsApp yenye maelezo kwamba ni Götzen "siku ya kushushwa majini", angalia mbele ya meli. Mzinga mkubwa wa milimita 105 uliofungwa pale ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo mwisho wake ulikuwa Rufiji, Julai 1915. Ukiuona mzinga huo, picha si ya Februari, haidhuru imeandikwa nini chini yake.