Ijumaa moja ya Julai, Wuppertal

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wengi mmekuwa mkiniuliza mchungaji wa kike kutoka Bukoba anafanya kazi gani Ujerumani, tena wakati wa kiangazi ambapo Wazungu wote wako likizo. Nimeona niwaandikie siku moja tu, Ijumaa iliyopita, kama ilivyokwenda.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kumeshakucha. Mwezi wa saba huku jua linawahi kuchomoza na halizami mpaka karibu saa nne usiku, na mwili wangu bado unabishana nalo. Mama amepiga simu. Nyumbani wametutangulia saa moja, kwa hiyo alikuwa ameshamaliza kufagia uwanja. Aliuliza kama ninakula vizuri, tukaombeana, akakata kabla vocha haijaisha.

Kisha nilisoma neno la siku kutoka mji wa Herrnhut. Wamoraviani wanatoa kijitabu hicho kila mwaka tangu 1731, na hapa utakikuta kwenye meza za jikoni za wazee wengi wa kanisa. Nalisoma kwa Kijerumani, kwa sauti, ili ulimi uzoee. Halafu nafungua Biblia ya Kiswahili na kusoma mstari uleule taratibu. Hapo ndipo unaponiingia.

Mniruhusu nieleze kwa nini kiangazi kina pilika kwetu sisi tuliotumwa. Shule zinafungwa wiki sita. Wachungaji wenyeji wanapumzika kwa zamu na familia zao, jambo la haki kabisa, na sharika jirani zinaunganisha ibada za Jumapili, leo kanisa hili, wiki ijayo lile. Lakini kufa hakuna likizo, wala ugonjwa. Wiki hii tuliobaki kwa sharika tatu ni mimi na mchungaji mmoja mstaafu mwenye magoti mabovu.

Saa mbili asubuhi. Nimepanda treni ya kuning'inia. Wuppertal ni mji mrefu uliojibana bondeni kando ya mto Wupper, na nafasi ya reli ilipokosekana chini, waliitundika juu ya mto. Inafanya kazi tangu 1901. Unakaa dirishani, unaona bata chini ya miguu yako. Inapita Barmen, ambako palikuwa makao ya Misheni ya Rhine, shirika la misheni la Wajerumani lililoanzishwa 1828, na ambako Mei 1934 Wakristo walikutana katika kanisa la Gemarke wakatamka wazi kwamba Kanisa lina Bwana mmoja, Yesu Kristo, wakati utawala wa Hitler ulipokuwa ukitaka kuligeuza kuwa chombo chake. Sisi darasa la kipaimara hatukufundishwa habari hiyo. Natamani vijana wetu wafundishwe.

Saa tatu. Ofisini. Natumika chini ya VEM, shirika letu la misheni, ambalo tangu 1996 si misheni ya Wajerumani peke yao tena: makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yanakaa meza moja kama wanachama sawa. Ndiyo maana Mjerumani anatumwa kwetu, na Mhaya anatumwa hapa. Asubuhi yote ilikwenda kwenye barua za viza. Kwaya ya vijana kutoka jimbo rafiki inakuja Agosti. Kumi wamepata, wawili wamenyimwa, na mmoja wa hao wawili ndiye mpiga ngoma. Nimeandika barua ya nne kumwombea. Inaniuma, kwa sababu kijana huyu alishauza mbuzi wake kwa ajili ya pasipoti.

Saa tano. Mazishi.

Hapa nikae kidogo. Marehemu alikuwa mama wa miaka 84, aliyefanya kazi tangu usichana wake katika kiwanda cha utepe. Barmen ilijulikana sana kwa vitu hivyo, tepe na kamba za viatu na lasi. Hakuolewa, hakuzaa. Alifariki wiki tatu zilizopita. Kwenye kanisa dogo la makaburini kulikuwa na viti kama sitini. Waombolezaji walikuwa wanne: binti wa dada yake na mumewe, jirani wa ghorofa ya chini, na mama aliyekuwa akimpelekea chakula cha mchana.

Mnajua kwetu mtu anavyozikwa. Anazikwa kibanjani kwake, kati ya migomba, na kijiji kizima kimeketi juu ya majani. Jiko halizimwi siku kadhaa. Hata asiyekupenda anakuja, kwa sababu asipokuja wataulizana. Mara ya kwanza niliposimama mbele ya viti vitupu hapa nilidhani nimekosea saa.

Nilivaa joho jeusi lenye vitambaa viwili vyeupe shingoni, joto nyuzi 31. Muziki ulitoka kwenye redio, kwani mpiga kinanda naye yuko likizo. Nilihubiri kama ninavyohubiri kwa watu mia nne, sikupunguza neno. Kisha mtu wa mazishi alikibeba chungu cha majivu ya mwili wake uliochomwa kwa mikono miwili, akatembea polepole mno, na sisi nyuma yake. Shimo lenyewe halikuzidi upana wa sinia. Alikishusha kwa kamba. Pembeni palikuwa na ndoo ya udongo na koleo dogo. Kila mtu anatia mara tatu. Udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, mavumbi kwa mavumbi.

Yule jirani alipofika, hakushika koleo. Alifungua mkoba, akatoa utepe uliokunjwa, mweupe wenye ukingo wa bluu, karibu mita moja. Akasema marehemu aliufuma mwenyewe na kumpa afungie zawadi ya harusi ya binti yake, na familia ikautunza. Akauachia uingie taratibu, ukajipinda juu ya chungu. Nikaomba ruhusa niimbe ubeti mmoja kwa Kiswahili. Niliimba peke yangu, na ule mti mkubwa wa makaburini ulikuwa umejaa ndege.

Baadaye tulikunywa kahawa na keki yenye chenga za siagi juu, ile wanayokula karibu kila msiba. Binti wa dada yake alinishika mkono akasema, "Asante kwa kuimba, tulikuwa wachache." Alilisema hilo kama anayeomba radhi.

Saa nane mchana. Ukumbi wa usharika, watoto wa programu ya likizo, kama arobaini. Kuna Wajerumani, Waukraine, Wasiria, wasio na dini yoyote, wote wanataka maji na wote wanataka kukaa karibu na feni. Tulicheza, tukapaka rangi, nikawafundisha kupiga makofi ya wimbo wa Kihaya. Wamenimaliza nguvu, na nawapenda.

Saa kumi. Nyumba ya wazee. Kuna bibi hapa ninayemtembelea kila Ijumaa, ana miaka 91. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya Ndolage miaka ya sitini, wakati wamisionari Wajerumani wa Bethel walipokuwa bado Kagera, wao waliofika kwetu mara ya kwanza 1910. Siku nyingine hamtambui mwanawe. Lakini nikiingia ananisalimia kwa Kihaya, na matamshi yake ni mazuri kuliko ya wajukuu wa mama yangu waliokulia Dar es Salaam.

Mikono yake haitulii. Ukimpa leso ya karatasi anaikunja pande mbili kuelekea katikati, halafu tena, halafu anaibonyeza kwa kidole gumba: ndivyo walivyokunja shashi za kufungia vidonda kabla ya kuzichemsha. Ijumaa hii alikuwa amekunja rundo zima juu ya meza. Akaniuliza kama senene wameanguka. Nikamwambia bado, bibi, mpaka Novemba. "Novemba," akasema, "baada ya mvua," na akaendelea kukunja. Nilikaa naye saa nzima nikikunja pia. Alinisahihisha mara mbili.

Saa kumi na mbili jioni. Ushirika wetu wa Kiswahili. Tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa la Wajerumani, waliotupa ufunguo wetu wenyewe, na hilo si jambo dogo. Wengi ni Wakongo wa Kivu, kisha Warundi, Wanyarwanda, Wakenya kadhaa, na sisi Watanzania wachache. Kiswahili chetu kinapishana kama barabara za kijijini lakini zote zinafika. Mimi nasema kisamvu, wao wanasema sombe, na sufuria ni moja. Ugali tunausonga kwa unga wa ngano wa chengachenga unaouzwa duka lolote, maana unga wa mahindi tunaoujua uko mbali na ni ghali.

Kabla ya mazoezi ya wimbo wa Jumapili, mama mmoja alinitolea barua ya ofisi aliyoibeba siku nne kwenye sidiria akiogopa kuifungua. Tukaisoma pamoja. Ilikuwa tu ratiba ya darasa la lugha. Alikaa chini, akalia, akacheka, akaenda kukoroga ugali.

Tukiwa mezani waliniuliza siku imekwendaje, nikawasimulia mazishi: chungu, utepe, viti. Meza ikanyamaza. Yule yule mama akaweka tonge chini.

"Batu bane tu? Mama Pasta, juu ya nini haukutuambia?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kusema kwamba marehemu hawakumjua, nikajisikia nikilisema, nikaacha. Nimekaa hapa miaka miwili nikihuzunikia viti vitupu, na kila Ijumaa nakula na watu thelathini ambao wasingekubali hata mwizi azikwe hivyo.

Nikawaambia kuhusu Jumanne. Kuna mzee anazikwa saa nne asubuhi asiye na ndugu yeyote aliyepatikana. Katika hali hiyo mji ndio unaosimamia mazishi. Ninachojua juu yake ni jina, tarehe ya kuzaliwa, na kwamba alikuwa mshirika aliyebatizwa katika usharika huu. Nitampigia simu mtu wa mazishi na wazee wa kanisa kuomba kibali, nikasema.

"Omba," akasema mzee mmoja wa Kirundi. "Sisi tunajipanga."

Saa nne usiku. Niko nyumbani, dirisha wazi, anga bado lina wekundu upande wa mlima. Mahubiri ya ubatizo wa kesho yamefika nusu. Simu inatetemeka juu ya meza. Ni kundi letu la WhatsApp. Mmoja anauliza ni basi namba ngapi. Mwingine anauliza kama kitenge kinaruhusiwa au lazima nyeusi. Mama wa ugali anataka jina la marehemu lote, aliandike vizuri, ajifunze kulitamka kabla ya Jumanne. Nimemtumia sauti yangu nikilitamka polepole, mara tatu. Amenirudishia ya kwake.