Chumvi ya Mista Fuji

Jana umeme ulikatika tangu magharibi, uliporudi saa nne usiku mpwa wangu akanikuta sebuleni na simu naangalia mieleka ya zamani, ile ya 1993 pale Las Vegas, Yokozuna na Bret Hart. Mtoto yuko likizo kwangu, ana miaka kumi na moja na ni mgonjwa wa mieleka kuliko hata mimi nilivyokuwa. Akaangalia kama dakika mbili hivi kimya, na kwake hiyo ni rekodi, afu akauliza, "Anko, huyu mnene ni Mjapani?" Nikamjibu ndio. Nikakaa kidogo. Nikamwambia hapana, si Mjapani.

Lile "ndio" lilitoka lenyewe tu, lilikuwa jibu la kibanda cha video Bukoba, mabenchi ya mbao, shilingi hamsini mlangoni, mkanda umechoka mpaka picha inapanda na kushuka na mwenye kibanda anaipiga deki kofi ndo itulie. Kiingereza hatujui hata mmoja, kuna kaka mmoja mkubwa alikuwa anatutafsiria na nadhani nusu ya tafsiri alikuwa anaitunga palepale. Kwetu stelingi ni stelingi na adui ni adui, na adui unamjua akitokea tu kabla hajagusa mtu. Mista Fuji, meneja wa Yokozuna, anaingia na kimono, ameshika bendera ya Japani, nyuma yake Yokozuna mwenyewe, mlima wa mtu wa kilo zaidi ya 220, basi kibanda kizima tunazomea. Mjapani ametukosea nini sisi watoto wa Bukoba? Hakuna aliyejiuliza.

Mwishoni mwa pambano Bret amemkunja Yokozuna miguu, anakaribia kushinda, Fuji anatumbukiza mkono mfukoni anatoa ngumi ya chumvi anamrushia Bret machoni. Yokozuna anachukua mkanda wa ubingwa. Hulk Hogan anatokea kuja kumsaidia Bret, Fuji anamchokoza apande ulingoni papo hapo, anarusha chumvi tena, safari hii inampata mtu wake mwenyewe, Hogan anamlaza na ubingwa unaondoka hata dakika haijaisha. Sisi tulishangilia mpaka benchi moja likavunjika. Kaka mtafsiri alisema ile ni sumu ya Kijapani, inapofusha siku saba.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba kwenye sumo chumvi hurushwa ulingoni kabla ya pambano ili kutakasa, ni ibada kabisa ile. Yaani jamaa wakachukua kitu cha kusafishia wakakigeuza silaha ya mchezo mchafu, na sisi ndo tukajifunzia sumo hapo. Halafu wenyewe sasa: Yokozuna jina lake Rodney Anoa'i, kazaliwa San Francisco, Msamoa wa Marekani, ukoo uleule wa mpiganaji Roman Reigns. Fuji kazaliwa Honolulu, Hawaii. Wamarekani wawili, ndo walikuwa Japani yetu nzima. Na Yokozuna mwenyewe alikuwa haongei, anayeshika maiki ni meneja wake.

Kilichonifungua macho sikukitoa Japani, nilikitoa Uganda. Enzi hizo kulikuwa na mpiganaji Kamala, yule "Mganda", peku, mkuki mkononi, kachorwa mwezi tumboni na nyota kifuani, anajipiga tumbo na hajui hata kumlaza mtu chali wakahesabu. Sasa Bukoba na Uganda ni pua na mdomo. Jirani yetu mmoja alikuwa mtu wa Masaka, dereva wa lori, tukamvizia anaosha gari tukamuuliza, mzee, Kamala unamjua? Akacheka sana. Siku nyingine akaja kuangalia na sisi, hakucheka. Alikaa na kofia mapajani, Kamala anatembea pale kama mnyama aliyefunguliwa kamba, mzee akainuka akasema kwa upole tu, "Watoto wangu, huyu kwetu hayupo," akaondoka. Sisi tukasema anamficha ndugu yake.

Kamala alikuwa James Harris, mtu wa Mississippi, gwanda la Uganda walimvisha Memphis 1982, na amefariki 2020. Na kuna yule anayemchunga, kavaa kinyago na kofia ya mkoloni, alikuwa anaitwa Kim Chee, yaani kabichi ya kuchachusha ya Wakorea! Hapo mtu alitaka tu neno linalosikika la mbali. Mississippi iwe Uganda, Hawaii iwe Japani, kabichi iwe mtu, twende kazi.

Tangu nijue hilo nikawa kila nikiangalia mpiganaji wa Asia naangalia mdomo wake. Umeshawahi kuangalia? Kuna Mjapani anaitwa Tajiri, mmoja wa watu wenye mateke mazuri kuliko wote nilowahi kuona, mdomo wake ulikuwa wa kutemea ukungu wa kijani, na nje ya ulingo wakampa kazi ya kumtumikia Regal, mpiganaji Mwingereza, kuleta chai. Wale Wajapani wa kundi la Kaientai mwaka 2000, Taka na Funaki, wakipewa maiki wanachezesha midomo tu na juu yake inawekwa sauti ya mtu mwingine inayotamba kwa Kiingereza, kama zile filamu za kung fu, Funaki anamalizia na neno moja, "Indeed!" Nilicheka sana na nikisema leo sicheki nitakuwa muongo. Lakini 2008 huyohuyo Funaki, miaka kumi yuko kazini, wakambadilisha jina eti Kung Fu Naki, wakati kung fu ni ya Wachina. Ila na sisi tusijifanye, mtaani kwetu kila mwenye macho yale ni Mchina, na mimi nimeshapiga ile "huu! haa!" nyuma ya mtu aliyekuwa anaenda zake dukani. Na chuoni 2007, mwaka ambao Khali, lile jitu la Kihindi la mieleka, alichukua ubingwa wa dunia, tulikuwa na Kalasinga mmoja darasani mwembamba kama ufagio, tukamwita Khali miaka mitatu. Khali wa kweli alikuwa polisi Punjab kabla ya mieleka. Wa kwetu alikuwa wa Mwanza, babu yake kazaliwa Mwanza, Kisukuma anakijua kunishinda, na hakuna siku aliitikia lile jina akiwa na furaha.

Turudi kwenye mdomo. Januari 2018, usiku mmoja, Philadelphia, Royal Rumble, lile pambano la watu thelathini, ya wanaume kashinda Nakamura na ya wanawake, ya kwanza kabisa kufanyika, kashinda Asuka. Wajapani wote wawili, wa kweli. Sikulala. Aprili kwenye WrestleMania, lile tamasha kubwa la mieleka la kila mwaka, wote wawili wakapigwa, basi. Ila Nakamura baada ya kushindwa akageuka adui, akawa anawapiga watu sehemu za siri, akiulizwa kwa nini anasema "No speak English" na kicheko cha pembeni, wakati Kiingereza anakiongea. Wengine waliona ni kejeli ileile ya zamani. Mimi niliipenda, na sababu yangu ni ya binafsi kabisa: mwaka ule nilikuwa nimetoka kwenye usaili wa kazi ambapo swali nalijua, jibu ninalo, kazi yenyewe ni ya stoo, Kiingereza kikanigomea kooni na yule mama wa katikati akafunga faili langu taratibu. Ningemjibu kama Nakamura na kale kacheko, walau ningetoka nimenyooka.

Asuka yeye hata hajifanyi. Anakamata maiki anamwaga Kijapani kwa spidi, hakuna tafsiri chini, na uwanja unaitikia tu. Mpwa wangu anamuiga, maneno ya kubuni, lakini hasira anaipatia vizuri.

Nikamwekea sasa Iyo Sky, mwanamke mwingine wa Kijapani, WrestleMania ya Aprili 2025, Las Vegas, mji uleule wa chumvi. Anatetea mkanda mbele ya Rhea Ripley na Bianca Belair, wote wamemzidi mwili, na anashinda kwa ile sarakasi yake ya kuruka kinyumenyume toka juu ya kamba. Hana meneja wa kumsemea, bendera haipepei, na hakuna cha mfukoni. Mtoto anaijua pambano nzima kwa moyo, ndo mtu wake huyo, akawa ananihadithia yeye. Nikajisemea afadhali, huyu kaanzia pazuri kuliko mimi.

Asubuhi wife ananiita, nani kamwaga chumvi sebuleni? Mpwa wangu yuko kwenye kochi anajikausha, na mtoto wa jirani yuko bombani ananawa macho.