Siku ya 41: hatimaye "coma" imekaa mdomoni

Najifunza Kihispania, na jana usiku nilisema "Quiero que mi hermano coma" (nataka kaka yangu ale) mara tatu mfululizo bila kusita. Wiki tatu nzima nilikuwa nakwama hapo hapo.

Dhamira tegemezi (umbo la kutamani au kuagiza) ya vitenzi vinavyoishia na -ar haikunisumbua. Habla inakuwa hable kama anaongea inavyokuwa aongee: nataka aongee, quiero que hable. Kugeuza a ya mwisho kuwa e ni jambo ninalolifanya tangu utotoni. Nilivimaliza kwa siku mbili, nikajiona nimefika.

Vikaja vya -er na -ir, vinavyokwenda kinyume: come inakuwa coma, vive inakuwa viva. Hapo sikio la Kiswahili likanipoteza. Nikitaka kutamani au kuagiza, ulimi unatafuta e, na come tayari inayo! Basi "quiero que come" ikawa tamu masikioni ilhali ni kosa, na coma ikasikika kama taarifa tu, mtu anakula. Kanuni naijua: chukua como, toa o, weka a. Inauma sana kuijua kanuni na kukosea palepale.

Programu za kuchagua jibu sizitaki tena kwa kazi hii. Ukiwekewa come na coma pamoja, jicho linachagua, mdomo haujifunzi kitu. Anki, programu ya kadi za kukariri, imenifaa, lakini baada ya kufuta kadi zote za neno moja moja. Sasa mbele naandika "Nataka tule", nyuma "Quiero que comamos". Na sitamki tena coma peke yake, lazima que itangulie: que coma, que beba, que viva, que escriban. Siku ya nne, que ikaanza kuivuta a yenyewe.

(Busque, llegue na cruce, za buscar, llegar na cruzar, zisiwatishe. Tahajia inabadilika ili sauti ya mzizi ibaki ileile.)

Leo nilipanga kuanza tenga na haga, za tener (kuwa na) na hacer (kufanya). Nimeziweka kando, maana nimegundua Kiswahili kinaniangusha kwingine pia: sisi tunasema "ukifika", hakuna e, wao cuando llegues. "Sidhani kama anaishi hapa" nayo ni no creo que viva aquí. Nimeshaandika kadi 20 za -ki- na "sidhani". Ya kwanza ni "Ukimaliza kula, niite": Cuando termines de comer, llámame. Nimeijaribu mara kumi, mara saba nimesema terminas.