Noti moja ndefu

Miezi mitatu sasa nimeng'ang'ana na kipande kimoja tu: Spiegel im Spiegel, alichokitunga Arvo Pärt wa Estonia mwaka 1978 kwa fidla na piano. Nilipoona karatasi ya noti mara ya kwanza nilidhani ni cha wanaoanza. Noti chache, ndefu, za polepole. Kumbe!

Piano inatembea noti tatu tatu bila kuchoka. Fidla inapanda au kushuka hatua kwa hatua, na kila msemo, yaani kifungu cha noti, unarudi kwenye noti ya la. Misemo inazidi kurefuka kwa noti moja moja. Basi. Lakini hakuna pa kujificha: upinde ukitetemeka kidogo tu, kila mtu anasikia. Jana usiku niliuvuta kuanzia kwenye kishikio hadi nchani, taratibu, nimebana pumzi, na sauti haikukatika. Machozi yalinilengalenga.

Kimepangwa upya kwa cello pia, ile ala kama fidla kubwa ya sauti nzito, na kinapendeza, ila kwangu fidla ndiyo yenyewe.

Leo naanza kipande kingine cha Pärt, Fratres, ile ya fidla na piano ya 1980. Hiyo inafunguliwa na fidla peke yake, upinde ukikimbia juu ya nyuzi zote nne. Niombeeni!