Barua Iliyokwisha Kuchapwa

Baba Akinyi alinipigia simu saa nne asubuhi, sauti kama ya mtoto aliyekosea. "Mama Akinyi, wanasema nitie sahihi tu, halafu nikapumzike." Nikamwambia aweke kalamu chini, nakuja. Niliacha gauni la mteja kwenye cherehani pale Kibuye, soko la Kisumu, nikapanda boda.

Alikuwa na miaka 53. Stoo ya kampuni ile alikuwa ameishika miaka 19. Kisha akaanza kutoa mzigo mara mbili kwa risiti moja. Jioni moja alishukia Kondele, akakaa pale hadi giza, njia ya nyumbani imempotea. Watu wakanong'ona kuwa ni pombe, naye hajawahi kuionja. Daktari, baada ya picha ya kichwa na maswali mengi, alisema ni dementia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, umemjia mapema.

Barua ya daktari ilikaa mkobani mwangu wiki tatu. Niliificha, nikihofia kazini wakijua watamfukuza. Hilo linaniuma hadi leo, maana kwa kunyamaza kwangu, faili lake lilikuwa limejazwa uzembe mahali pa ugonjwa.

Nilipofika kazini kwake, mezani palikuwa na karatasi moja: naacha kazi kwa hiari yangu. Jina lake limeshachapwa. Meneja akasema kwa upole kwamba hiyo ndiyo njia ya heshima. Nilitoa barua ya daktari, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Sikuondoka hadi ukagongwa.

Tulikwenda moja kwa moja ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi. Afisa alitusomea kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007: kabla ya kumwachisha mtu kwa kushindwa kazi, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua awepo. Halafu akatuambia lililonitoa jasho. Akiacha kwa hiari, huenda asingepata pensheni yake yote mara moja. Akistaafu kwa ugonjwa, hulipwa, na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nao una malipo ya asiyeweza tena kufanya kazi.

"Na karatasi zenu nyingine, mama, mzishughulikie angali anaelewa," akasema. "Akishapoteza fahamu ya mambo, mtakwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kusimamia mali yake."

Njiani Baba Akinyi aliniuliza kama alitia sahihi. Nikamwambia hapana. Tulipofika Kibuye akauliza tena.

Fomu ya kustaafu kwa ugonjwa aliitia sahihi mwenyewe miezi minne baadaye, mwenzake wa stoo akiwa kando yake, baada ya kuniuliza maana ya kila mstari.