Siku moja maishani mwangu: mwimbaji anayetuliza nyimbo za roki

Saa tatu asubuhi
Kazi yangu huisha watu wengi wakiwa usingizini, kwa hiyo siamki na jua. Nakunywa maji ya uvuguvugu, navuta pumzi taratibu, kisha navumisha sauti midomo ikiwa imefumbwa, nikianzia noti za chini. Wengi hudhani kuimba polepole ni kazi nyepesi. Mwimbaji wa roki akichoka anaweza kupaza, gitaa zikamfunika. Mimi noti moja ndefu ikitetereka, kila meza inasikia.

Saa nne na nusu
Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wiki hii napangua “Smells Like Teen Spirit” wa bendi ya roki ya Nirvana, wa mwaka 1991. Nimeandika maneno yake yote kwa mkono na kuyasoma kama barua, bila muziki. Katika rekodi ya asili, gitaa na mayowe humeza karibu nusu ya maneno hayo. Kwenye karatasi unamkuta kijana anayejiona mjinga, aliyezungukwa na watu wanaodai waburudishwe. Huyo ndiye ninayetaka asikike.

Kisha naketi kwenye piano. Wapiga gitaa wa roki hupenda kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zenye noti mbili tu: ya kwanza na ya tano kwenye ngazi ya sauti. Ile ya tatu, ambayo huamua kodi ielekee furaha au huzuni, huiacha, kwa kuwa gitaa lenye mkwaruzo likibebeshwa noti nyingi hutoa vurugu. Kwa hiyo nyimbo hizi zina nafasi wazi, na mimi naishi kwenye nafasi hiyo. Wimbo huu unazunguka kwenye kodi nne. Ya kwanza naipa tatu ndogo, ile ya huzuni, ibaki na uzito wake. Ya mwisho naipa tatu kubwa, ile ya furaha, na noti ya saba juu yake, na ghafla kunakuwa na mwanga kidogo, kabla mzunguko haujaturudisha gizani.

Mwendo wa asili ni takriban mapigo 116 kwa dakika. Nikiushusha hadi 66 maneno yanalegea. Kwenye 72 yanasimama.

Saa nane mchana
Mazoezi na bendi. Mpiga drams ameacha vijiti, kashika brashi.

“Kaka, usinigongee pigo la pili na la nne. Zungusha tu.”

“Dada, nikiliondoa hilo, watajuaje ni ule wimbo?”

“Kiitikio kitawaambia.”

Hajaridhika. Anapendekeza alirudishe kwenye kiitikio cha mwisho pekee, kwa ncha ya brashi. Tunajaribu, na kweli wimbo unapata uti wa mgongo. Tunaliacha hivyo.

Saa kumi na moja jioni
Kupima sauti. Namwomba fundi mitambo apunguze besi kidogo kwenye maikrofoni yangu, maana huwa naiimbia karibu sana na mdomo, na ukaribu huo wenyewe huikuza sauti ya chini. Uimbaji wa namna yangu ni mtoto wa maikrofoni. Kabla ya ile ya umeme kuenea, miaka ya 1920, mwimbaji wa jukwaani ilimlazimu atoe sauti ya kufika viti vya nyuma. Baada ya hapo mtu aliweza kunong'ona na ukumbi mzima ukamsikia.

Saa mbili usiku
Awamu ya kwanza. Watu wanaongea, nasi tunawapigia nyimbo tulizozizoea.

Saa nne usiku
Tunaupiga ule wa Nirvana. Ubeti wa kwanza hakuna anayeutambua. Kwenye kiitikio mwanamke wa meza ya pembeni anaweka glasi chini na kumshika mwenzake mkono, huku midomo yake ikifuata maneno. Wawili watatu wanacheka kidogo, kisha wananyamaza na kusikiliza.

Wakati wa mapumziko mzee mmoja ananifuata: “Binti yangu, umeuua ule wimbo.” Namjibu kwa heshima kwamba njia hii ina wenyewe. Mwimbaji Paul Anka alitoa albamu nzima ya nyimbo za roki kwa bendi kubwa ya swingi, mtindo wa jazi, mwaka 2005, na huu ulikuwamo. Bendi ya Nouvelle Vague ya Ufaransa ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2004, ikiipigia panki, ile roki ya fujo, mapigo ya bosanova, muziki mtulivu wa Brazili. Wapo wanaofanya hivi kwa mzaha, na hadhira yao inafurahi. Mimi siwezi. Nikiimba maneno ya mtu aliyeumia, siwakonyezi wasikilizaji. Mzee hakukubali, ila alibaki hadi awamu ya pili.

Saa sita na nusu
Tunafunga vyombo. Mpiga besi anataka tuchukue “Money” wa bendi ya Pink Floyd, wa mwaka 1973, ambao besi yake inakwenda kwa mapigo saba. Anaamini saba inaweza kutulizwa, mradi tuigawe nne na tatu na piano isikanyage pigo la kwanza kila mara. Mpiga drams anatikisa kichwa. Nimemwambia mpiga besi kesho aje saa saba, kabla ya wengine, tuisikie ikiwa besi na sauti tu.